Eiji Sawamura: Kijana aliyemzima Babe Ruth, akaipa Marekani kisogo

NI nadra katika michezo mshindwa kukumbukwa kuliko mshindi. Eiji Sawamura, kijana wa Kijapani aliyekuwa na umri wa miaka 17, alipoteza mechi ya besiboli kwa pointi 1-0 mjini Shizuoka Novemba 20, 1934, lakini jina lake ndilo lililobaki vinywani mwa watu hadi leo.

Siku hiyo aliwasimamisha wapigaji hodari kuliko wote duniani, akiwamo Babe Ruth. Muda mfupi baadaye, inaelezwa, Wamarekani walianza kumtaka avuke bahari akacheze kwao. Hakwenda. Miaka kumi baadaye alikuwa amekufa vitani, akiwa na umri wa miaka 27, na mkono wake uliowashangaza Wamarekani ulikuwa umekwisha kuharibika.

Maisha yake mafupi yanarudi akilini kila mwisho wa msimu, klabu tajiri za Marekani zinapomwaga fedha kuwawania nyota wa Japani. Wapo wanaosema klabu hizo zina haki ya kumsajili mchezaji bora popote alipo. Wapo wanaolalamika kuwa zinaikausha ligi ya Japani kwa kuvuna zisipopanda. Sawamura alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kusimama katikati ya mvutano huo, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na kanuni za kuuamua.

Mtoto wa muuza mboga

Sawamura alizaliwa Februari 1, 1917 katika mji wa Ujiyamada, ambao leo ni sehemu ya mji wa Ise, mkoani Mie. Familia yake iliishi kwa biashara ya mboga na matunda.

Wakati huo besiboli haikuwa mchezo mgeni tena nchini humo. Ilikuwa imeletwa na mwalimu wa Kimarekani, Horace Wilson, mwaka 1872 mjini Tokyo, ikaenea shuleni na vyuoni hadi Wajapani wakaihesabu kuwa yao. Uwanja wa Koshien, uliofunguliwa mwaka 1924 karibu na Osaka, uligeuka mahali ambapo kila kijana mwenye kipaji alitamani kufika na timu ya shule yake.

Sawamura alifika. Akiwa mwanafunzi wa shule ya biashara mjini Kyoto, alicheza katika mashindano ya Koshien mwaka 1933 na 1934 kama mrushaji, yaani yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Hakuwa na mwili mkubwa, lakini mpira wake ulikwenda kasi, na ulionekana kupanda juu ulipomkaribia mpigaji. Mpira wake wa pili, ule wa kupinda, ulidondoka ghafla kutoka juu kwenda chini.

Njia iliyokuwa mbele yake ilijulikana. Nchini Japani hapakuwa na ligi ya kulipwa, na heshima kubwa ya mchezo huo ilikuwa katika vyuo vikuu vya Tokyo. Sawamura alitarajiwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Keio, kucheza huko, na kisha kupata kazi ya heshima. Kabla ya hayo kutimia, gazeti moja la Tokyo lilikuja na mpango mwingine.

Gharama ya kumrushia Ruth

Matsutaro Shoriki, mmiliki wa gazeti la Yomiuri, alikuwa ameamua kuwaleta Japani wachezaji mashuhuri wa Marekani mwaka 1934. Msafara huo uliongozwa na Connie Mack, mkuu wa klabu ya Philadelphia Athletics. Ndani yake walikuwamo Babe Ruth, Lou Gehrig, Jimmie Foxx na Charlie Gehringer, watu ambao majina yao yalijulikana hata na Wajapani wasiowahi kukanyaga uwanjani. Walipofika Tokyo, umati mkubwa ulifurika mitaani kuwalaki.

Shoriki alihitaji timu ya Kijapani ya kucheza nao. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwani mwaka 1932 serikali ilikuwa imetoa amri iliyowazuia wanafunzi kucheza dhidi ya wachezaji wa kulipwa. Mwanafunzi aliyetaka kumrushia mpira Ruth ilimbidi aache shule.

Sawamura aliacha. Kwa uamuzi huo alipoteza cheti cha shule na nafasi ya chuo kikuu, akaukabidhi mustakabali wake kwa gazeti na kwa mchezo ambao bado haukuwa na ligi wala mishahara ya kuaminika. Wanaomsoma kama kijana aliyechagua kubaki nyumbani husahau kwamba kabla hajaombwa kuiacha Japani, alikuwa amekwisha kuacha vitu vingi.

Mwanzo wake haukuwa mzuri, kwani Wamarekani walimpiga vibaya katika mchezo wake wa awali. Kwa ujumla wageni hao walishinda mechi zote walizocheza na timu ya Japani, nyingine kwa tofauti kubwa ya pointi, na Ruth peke yake alivusha mpira nje ya uzio mara 13 katika ziara nzima.

Lakini katika uwanja wa Kusanagi mjini Shizuoka mambo yalikuwa mengine. Katika besiboli mpigaji akiachia au kukosa mipira mitatu halali hutolewa. Sawamura aliwatoa kwa njia hiyo Gehringer, Ruth, Gehrig na Foxx, mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja wao kuugusa mpira kwa manufaa. Gehrig ndiye aliyekuwa ametoka kuongoza ligi yake mwaka huo kwa wastani wa upigaji, kwa pointi alizosababisha na kwa mipira 49 iliyovuka uzio.

Kwa jumla aliwatoa Wamarekani tisa kwa namna hiyo, akaruhusu mapigo salama matano tu. Moja kati ya hayo lilitosha kumshinda. Katika zamu ya saba Gehrig alilipata pigo, mpira ukavuka uzio, na mchezo ukaisha kwa pointi hiyo moja. Wapo waliosema jua la alasiri lilikuwa likiwachoma macho wapigaji. Jua hilo hilo, hata hivyo, liliwamulika wapigaji wa pande zote mbili.

Ikumbukwe pia kwamba mechi nyingine za ziara hiyo hazikumwendea vyema. Mtu mwenye kupima kwa baridi angesema siku moja nzuri si ushahidi wa kutosha kumsajili mchezaji. Hoja hiyo ingali ikitumiwa hadi leo na wanaotilia shaka nyota wa Japani: kwamba kung'ara siku moja au katika ligi moja hakuthibitishi kuwa mtu atang'ara katika nyingine.

Mlango uliofunguliwa nusu

Inaelezwa kwamba Connie Mack alivutiwa na kijana huyo kiasi cha kutaka kumchukua aende naye Marekani. Hilo halikutokea, na ni vyema kuelewa ni Marekani ipi iliyokuwa ikimwita.

Kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924, Marekani ilikuwa imefunga mlango kwa wahamiaji kutoka Japani. Ligi zake kuu za besiboli, kwa makubaliano yasiyoandikwa, hazikumruhusu mchezaji mweusi hata mmoja. Klabu ya Mack mwenyewe ilikuwa na upungufu wa fedha na ilikuwa ikiuza nyota wake; Foxx aliuzwa Boston mwishoni mwa mwaka 1935. Hivyo hata kama Sawamura angekubali, safari yake isingekuwa ya kupanda meli na kuvaa jezi tu.

Shoriki naye hakuwa na nia ya kumwachia. Desemba 1934 aliigeuza timu iliyocheza na Wamarekani kuwa klabu ya kulipwa, na Sawamura akawa nguzo yake. Klabu hiyo baadaye ilijulikana kama Tokyo Giants, jina lililopendekezwa na Mmarekani Lefty O'Doul, rafiki mkubwa wa besiboli ya Japani.

Si kila Mjapani aliyefurahia urafiki huo. Februari 1935 Shoriki alishambuliwa kwa upanga na mtu wa kundi la wazalendo wenye siasa kali, na miongoni mwa makosa aliyotuhumiwa ni kuwakaribisha Wamarekani kucheza katika uwanja wa Meiji, ulio kwenye ardhi yenye heshima ya kidini. Alijeruhiwa vibaya lakini alipona. Katika hali kama hiyo, kijana ambaye angetangaza kwamba anahamia kwa Wamarekani angejitia matatani.

Mwaka huo huo timu ilifanya ziara ndefu Amerika ya Kaskazini, ikacheza zaidi ya mechi 100. Sawamura aling'ara tena. Kuna simulizi maarufu kwamba mjini Milwaukee mtu mmoja alimwendea na karatasi akimwomba saini kama mashabiki wafanyavyo, na kwamba karatasi hiyo ilikuwa mkataba wa klabu ya Marekani. Iwe ilitokea hivyo hasa au iliongezwa chumvi, simulizi hiyo inaonyesha jinsi Wajapani walivyoanza kuwatazama wasaka vipaji wa Kimarekani: watu wenye tabasamu usoni na mkataba mfukoni.

Sawamura mwenyewe hakuvutiwa na maisha aliyoyaona ng'ambo. Baada ya ziara alieleza katika jarida moja kwamba hakuipenda Marekani, lugha yake wala chakula chake. Ni vigumu kupima ni kiasi gani cha maneno hayo kilitoka moyoni na kiasi gani kilitokana na hali ya nchi yake wakati huo. Jambo lisilo na shaka ni kwamba alirudi, akabaki.

Matunda ya kubaki

Mwaka 1936 ligi ya kwanza ya kulipwa ilianza nchini Japani ikiwa na timu saba. Ligi changa huhitaji mtu ambaye watazamaji watalipa kiingilio kumwona yeye. Sawamura alikuwa mtu huyo.

Septemba 25, 1936 alicheza mechi nzima dhidi ya Osaka Tigers bila kuruhusu pigo salama hata moja, jambo ambalo lilikuwa halijafanywa na mrushaji yeyote katika ligi hiyo. Desemba, timu hizo mbili zilipokutana kuamua ubingwa, alirusha katika mechi zote tatu na Giants wakatwaa taji.

Msimu wa majira ya kuchipua wa mwaka 1937 ndio uliokuwa kilele chake. Alishinda michezo 24 na kupoteza minne. Wastani wa pointi alizofungwa kwa kila zamu tisa ulikuwa 0.81, yaani chini ya pointi moja kwa mechi nzima. Alirudia pia maajabu ya kutoruhusu pigo salama, tena dhidi ya Tigers, na akawa mchezaji wa kwanza wa ligi hiyo kutangazwa kuwa bora wa msimu.

Hapa ndipo hoja ya wanaopinga Marekani kuchukua nyota wa Japani inapopata nguvu. Kama Sawamura angeondoka mwaka 1935, ligi hiyo ingezaliwa bila mtu wake mkubwa. Ushindani wa Giants na Tigers, ambao miaka mingi baadaye ungali ukijaza viwanja, ulianzia kwa kiasi kikubwa mkononi mwake. Nchi ilimhitaji kwa ajili ya mchezo, naye aliitikia.

Hata hivyo, nchi hiyo hiyo ilimhitaji kwa jambo jingine pia.

Mkono uliorushwa vitani

Januari 1938 Sawamura aliitwa jeshini na kupelekwa katika vita vya Uchina. Makamanda walijua wamepata mtu wa namna gani. Kijana aliyerusha mpira kwa umahiri ule aliamriwa kurusha mabomu ya mkono, mara nyingi na kwa umbali mrefu. Bomu la mkono lina uzito wa takriban mara tatu ya mpira wa besiboli. Bega lililojengwa kwa miaka mingi ya mazoezi liliharibika. Juu ya hayo, alijeruhiwa kwa risasi katika mkono wa kushoto na akaugua malaria.

Aliporudi uwanjani mwaka 1940 hakuwa na kasi yake ya zamani. Badala ya kurusha kutoka juu, alijifunza kurusha kwa mkono ulioshuka pembeni, akitegemea akili na shabaha pale nguvu zilipokosekana. Julai 6, 1940 alifanikiwa kwa mara ya tatu kumaliza mechi bila kuruhusu pigo salama, safari hii dhidi ya Nagoya. Wengi huihesabu mechi hiyo kuwa ushindi wa juhudi, kwa kuwa aliyeicheza hakuwa tena yule kijana wa Shizuoka.

Mwaka 1941 alioa, na baadaye akapata binti. Mwaka huo huo jeshi lilimwita tena, naye akapelekwa Ufilipino. Alirejea mwaka 1943 akiwa mabaki ya mchezaji. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yameondolewa viwanjani kwa sababu za vita, na wachezaji wengi walikuwa jeshini. Sawamura alipoteza michezo mitatu msimu huo bila kushinda hata mmoja.

Kabla ya msimu wa mwaka 1944 klabu yake ilimwacha. Mtu aliyeacha shule kwa ajili ya timu hiyo, aliyekataa ng'ambo na kuipa mataji, alionyeshwa mlango akiwa na umri wa miaka 27, kwa sababu ya mkono ulioharibiwa na kazi ambayo hakuiomba.

Mwito wa tatu wa jeshi ulikuja mwaka huo huo. Desemba 2, 1944 meli iliyowabeba wanajeshi kuelekea Ufilipino ilipigwa na nyambizi ya Marekani katika Bahari ya Uchina Mashariki, ikazama. Sawamura hakuonekana tena. Alikuwa ametimiza miaka kumi na siku chache tangu alipowatoa Ruth na Gehrig. Rekodi yake katika ligi ilisimama kwenye ushindi 63 na vipigo 22.

Si haki kudai kwamba mkataba wa Marekani ungemwokoa. Vita hivyo viliwafuata Wajapani hata upande wa pili wa bahari, ambako maelfu kwa maelfu walifungiwa kambini kuanzia mwaka 1942. Lakini pia si haki kulitumia jina lake kama ushahidi kwamba nyota akibaki nyumbani, nyumbani humtunza.

Jina lake sokoni

Mwaka 1947 ilianzishwa Tuzo ya Sawamura kwa mrushaji bora wa Japani, miaka tisa kabla Marekani haijaanzisha Tuzo ya Cy Young inayofanana nayo. Giants waliistaafisha jezi yake namba 14 mwaka huo huo, ambao pia ndio mwaka Jackie Robinson alipoufungua mlango wa ligi kuu za Marekani kwa wachezaji weusi. Mwaka 1959 Sawamura aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli la Japani, miongoni mwa wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Mjadala alioutangulia uliendelea bila yeye. Mwaka 1964 Masanori Murakami alikuwa Mjapani wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, akiwa na San Francisco Giants, na ugomvi uliozuka kati ya klabu yake ya Japani na Wamarekani ulizaa makubaliano ya mwaka 1967 ya kila upande kuheshimu mikataba ya mwenzake. Kwa takriban miaka 30 mlango ulifungwa. Hideo Nomo, mshindi wa Tuzo ya Sawamura mwaka 1990, aliupenya mwaka 1995 kwa kujitangaza kustaafu Japani ili awe huru kujiunga na Los Angeles Dodgers.

Mwaka 1998 uliwekwa utaratibu ambao klabu ya Marekani hulipa klabu ya Japani ada ili kumpata mchezaji ambaye bado ana mkataba. Kwa njia hiyo Ichiro Suzuki alikwenda Seattle mwaka 2001, na Boston ikatoa dola milioni 51.1 mwaka 2006 kwa ajili ya kupata tu haki ya kuzungumza na Daisuke Matsuzaka.

Yoshinobu Yamamoto aliitwaa Tuzo ya Sawamura mara tatu mfululizo, mwaka 2021, 2022 na 2023. Desemba 2023 Dodgers walimpa mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 325, na klabu yake ya zamani, Orix Buffaloes, ikapata zaidi ya dola milioni 50. Mwaka 2025 alitangazwa mchezaji bora wa fainali za ligi kuu ya Marekani. Hivyo tuzo yenye jina la mtu aliyekataa kwenda imekuwa kipimo ambacho klabu za Marekani hukitazama kabla ya kuandika hundi.

Utaratibu huo una kasoro zake. Ligi ya Japani huendelea kuwapoteza watu wake bora, na klabu tajiri za Marekani ndizo hufaidika zaidi. Lakini ndani yake mna jambo moja ambalo Sawamura hakulipata: klabu iliyomlea mchezaji hulipwa haki yake, na mchezaji huketi mezani akijua anachouza na anachobaki nacho. Katika maisha yake, gazeti lilimchukua kutoka shuleni, klabu ikamtumia, jeshi likamwita mara tatu, na Wamarekani, ikiwa simulizi ya Milwaukee ni ya kweli, walimwendea kwa hila ya saini. Wote waliutaka mkono ule. Ni wachache waliowahi kumuuliza mwenye nao.